Nyoka wa Wavuni na Nyoka wa Mawe: Kisa cha Mwalo Mmoja Kigoma

Kisa hiki kilitokea katika mwalo mmoja, yaani pwani ya kuegesha mitumbwi na kushusha samaki, kaskazini ya mji wa Kigoma, upande wa kuelekea Gombe, ambako vijiji vimebanwa kati ya milima na maji na mtu akitaka kwenda mjini hupanda boti ya abiria inayoshusha Kibirizi. Sitakitaja kijiji wala wahusika, kwa sababu itakayoeleweka huko mbele. Kwa ufupi mambo yalikuwa hivi: asubuhi nyoka mwenye sumu ya kuua alinaswa kwenye wavu, akanasuliwa, akaachwa aende zake. Jioni ya siku hiyohiyo nyoka mwingine, asiyeweza kumdhuru hata mtoto mchanga, alipigwa mawe mpaka akafa, kisha akachomwa kwa dizeli. Waliomwachia wa kwanza na waliomuua wa pili ni watu wa ukoo mmoja. Baadaye ikazuka habari ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilikuwa mwaloni siku hiyo kwa shughuli za dagaa. Ya ziwani nilisimuliwa na wote wawili waliokuwa mtumbwini, kila mmoja kwa wakati wake na kwa namna yake. Ya jioni niliyaona mwenyewe.

Wavuni

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiangaza, taa za wavuvi wa dagaa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, kwa hiyo wengi huvuta mitumbwi pwani wakashona nyavu na kumaliza usingizi wa wiki nzima. Mzee mmoja na mtoto wa kaka yake hawakupenda kukaa bure. Jioni walitega wavu wa macho makubwa kando ya mwamba, mahali penye samaki aina ya kuhe, na alfajiri wakaenda kuutegua.

Sehemu ya katikati ya wavu ilikuwa nzito. Kijana alidhani ni jiwe. Alipovuta, kikatokea kichwa, kisha shingo yenye pete nyeusi, kisha mwili wa kahawia uliosokotana na nyuzi, mrefu kupita mwanamume aliyelala. Nyoka akatanua shingo, si sana, na kuielekeza kwa mkono ulioushika wavu.

"Baba mdogo, sogea nimmalize."

"Weka kasia chini."

"Atatuua huyu!"

"Weka kasia chini nimesema. Huyo ndiye mwenye ziwa, wewe umekuja kuvua tu."

Kijana akaweka kasia chini. Aliniambia baadaye kwamba hakutii kwa kukubaliana na mzee, alitii kwa kuwa kisu kilikuwa mkononi mwa mzee na wavu ulikuwa wa mzee. Mzee akaurudisha wavu majini, akamwacha nyoka anyooke upande wa nje wa mtumbwi, akamkandamiza kwa kasia nyuma ya kichwa, na kwa mkono mwingine akaanza kukata macho ya wavu moja baada ya jingine. Nyoka alipopata nafasi alizama. Hakumgeukia mtu. Wavu ulibaki na tundu ambalo mtoto angepita.

Tumtambue kwanza nyoka huyu, kwa kuwa bila hivyo mengine yote hayaelezeki. Ni swila wa maji wa Ziwa Tanganyika, anayeitwa kitaalamu Naja annulata stormsi. Tofauti na jamaa zake wa misitu ya Kongo wenye pete mwili mzima, huyu wa ziwani huwa na pete mbili au tatu tu shingoni. Anafika mita mbili na zaidi. Chakula chake ni samaki, na mchana au usiku hujihifadhi katika mianya ya miamba ya pwani, halafu huzama na kukaa chini kwa dakika kadhaa akiwinda mawe kwa mawe. Hana matamvua, lazima apande kuvuta hewa. Ndiyo maana kumkuta wavuni si ajabu wala si ishara. Mtu ametega mahali ambapo samaki hujificha, na mwindaji mwingine wa samaki haohao ameona kitoweo kikitapatapa kwenye nyuzi, akakifuata. Wavu wao ulikuwa karibu na uso wa maji. Ungekuwa wa kina kirefu, wangemvuta akiwa amekwisha kufa kwa kukosa hewa.

(Hilo neno la mwisho katika jina lake, stormsi, limetokana na Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekaa Karema na Mpala, vituo vya kando ya ziwa, miaka ya 1880. Mwaka 1884 watu wake walimkata kichwa mtemi Lusinga, ng'ambo ya ziwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Ukilinganisha madhara waliyowafanyia watu wa ziwa hili, nyoka ndiye mwenye haki ya kulalamikia jina.)

Sumu yake si ya mchezo. Hushambulia mishipa ya fahamu: kope huanguka, ulimi huwa mzito, kumeza kunashindikana, halafu pumzi. Lakini watu wanaojulikana kuumwa naye ni wachache mno, kwa sababu akiwa na njia ya kukimbia hukimbia. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, alisimulia jinsi wimbi lilivyomtupia nyoka wa aina hii miguuni alipokuwa akitembea ufukweni. Alisimama bila kutikisika mpaka wimbi jingine likamchukua nyoka na kumrudisha ziwani. Wavuvi wa mwalo huu wana visa vya namna hiyohiyo, ila havijaandikwa popote.

Sasa, je, mzee alifanya sawasawa? Kuzuia kasia alifanya sawa kabisa. Mtumbwi hauna pa kukimbilia. Nyoka wa mita mbili aliyenaswa nusu, akipigwa kwa kasia na mtu aliyesimama kwenye chombo kinachoyumba, ana nafasi kubwa ya kukosewa na kuangukia ndani, katikati ya miguu minne isiyo na viatu. Kumrudisha majini pia ilikuwa akili, kwa sababu nyoka huyu akiwa ndani ya maji hutulia na mawazo yake yote ni kuzama. Pale pa kukata macho ya wavu kwa mkono mtupu, shibiri moja kutoka kwenye meno, ndipo nisipoweza kumtetea. Angekata kamba ya juu na ya chini pande zote mbili, akaupoteza wavu wa pima chache, angekuwa amelipa bei nafuu. Nilipomwambia hivyo alicheka. "Nyoka angekufa ndani ya hizo nyuzi," akasema. "Sasa ningekuwa nimemwachia nini?"

Kilichonivutia zaidi ni kwamba sababu za mzee zilibadilika kufuatana na msikilizaji. Kwa kijana mtumbwini alisema nyoka ndiye mwenye ziwa. Kwa vijana wenzake kijana huyo, waliokuja kumcheka pwani, alisema mtumbwi ungepinduka. Kwa mkewe, aliyeuliza habari za wavu, alisema nyuzi zilikuwa zimekwisha kuoza. Mimi aliniambia kwamba baba yake alikuwa akiwaachia, na yeye hakuona sababu ya kuanza jambo jipya uzeeni. Siamini kwamba alikuwa akidanganya mahali popote. Zote ni sababu zake, na kila mtu alipewa ile ambayo angeweza kuibeba.

Kwenye mawe

Jioni wanawake walikuwa wakisugua sufuria kwenye mawe yaliyo chini ya nyumba ya bibi mmoja mjane. Hapo ndipo mahali pa kuoshea vyombo na kuparulia samaki miaka yote. Msichana akapiga kelele. Kabla hata hajamaliza kusema ameona nini, mtu mwingine alikwisha kuimalizia habari: "Ndiye yule wa asubuhi! Amemfuata!"

Watu wakaja mbio na mawe. Mbele yao alikuwa kijana wa asubuhi. Mzee alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake akishona lile tundu. Aliona kila kitu, hakunyanyuka. Nyoka alipigwa, akaburutwa mchangani kwa kijiti, dizeli ikaletwa, na watoto wakasogezwa wasije wakakanyaga mifupa, kwa kuwa inasemwa mfupa wa nyoka huchoma hata akifa.

Nilifika kabla ya kiberiti. Alikuwa nyoka wa kama nusu mita na kidogo, kijani cha kufifia kinachoelekea kahawia mgongoni, tumbo la manjano hafifu, shingo safi isiyo na pete hata moja. Huyu ni nyoka wa maji mwingine, Lycodonomorphus bicolor, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili. Hana meno ya sumu. Samaki wake humkamata kwa kinywa na kumbana kwa mwili mpaka atulie. Ni wengi, hutoka zaidi usiku, na mtu aliyekulia pwani hii ameogelea nao mara nyingi kuliko anavyojua. Nikasema kwa sauti kwamba wa asubuhi alikuwa na pete na ni mara tatu au nne ya huyu. Kijana mmoja akanijibu bila kufikiri: "Pete zimefutika kwa mawe."

Urefu nao ulifutika kwa mawe? Sikuuliza. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Usiku huo, watu wakiota hilo kaa, kila mtu alikuwa na neno. Mwinjilisti mmoja alikumbusha uadui uliowekwa katika Mwanzo 3:15, uzao wa mwanamke na kichwa cha nyoka. Mwalimu wa madrasa akasema nyoka wa shambani au njiani huuawa, lakini wa ndani ya nyumba kuna mafundisho ya kumwonya siku tatu kwanza, maana huenda si nyoka. Mtu akauliza kama mawe ya kuoshea vyombo yanahesabiwa nyumba. Hakuna aliyejibu, ila swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, maana ndilo lililogawa asubuhi na jioni. Nilikwenda kwa mzee nikamuuliza kwa nini yeye, aliyetoa wavu wake ukatwe kwa ajili ya nyoka, hakutamka neno wakati huyu mdogo anapigwa. Akajibu huku akivuta uzi: "Yule mimi ndiye niliyemwendea kwake. Huyu amekuja nyumbani."

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Pete, urefu na sumu havikuulizwa na mtu, ila mahali tu. Ziwani nyoka ni mwenyeji na mtu ni mgeni, kwa hiyo adabu inamhusu mtu. Akishavuka mstari wa mchanga, nyoka anakuwa mvamizi. Akifika mlangoni, swali linageuka tena, haulizwi ni nyoka gani, linaulizwa jina la aliyemtuma. Mtu akihukumu kwa namna hii anaweza kumwachia mwenye sumu na kumuua asiye na sumu ndani ya siku moja, na asione kwamba amejipinga. Kwa hesabu yake hajajipinga.

Wala si hesabu ya kipumbavu. Mvuvi hana muda wa kuhesabu pete za shingo kwenye giza la alfajiri, na nyoka aliye karibu na mtoto anayetambaa hajadiliwi. Shida yake ni kwamba haimwandai mtu kwa nyoka anayestahili kuogopwa kijijini hapo kuliko wote, yaani kifutu. Huyu hakai ziwani wala haji kwenye sufuria. Anakaa kwenye vijia vya mashamba ya mihogo na chini ya marundo ya makuti ya michikichi, kwa sababu panya wako hapo. Akisikia hatua hakimbii, anategemea rangi yake asionekane, na mtu humkanyaga. Kwa kuwa ameonekana shambani, mahali "pake", hakuna anayepiga kelele wala kuitana. Watu humkata kwa jembe wakaendelea kulima, na kesho wanarudi peku.

Maneno

Habari ya tatu ilianza na homa ya mtoto. Nyumba ya pili kutoka kwenye yale mawe mtoto alichemka usiku uleule, na kufikia asubuhi kulikuwa na watu waliojua kwa nini. Nyoka alikuwa ametumwa. Kwanza alitumwa kwa kijana, ziwani, akashindikana kwa sababu ya mzee. Akamfuata pwani. Alipouawa, kilichokuwa ndani yake kikahamia kwa mtoto.

Na aliyemtuma? Mawe yako chini ya nyumba ya mjane. Mtoto wa kiume wa mjane alikuwa na ugomvi na kijana wetu, ugomvi wa kawaida wa mwaloni kuhusu mahali pa kuegesha mitumbwi, ambao miezi yote hiyo haukuwahi kupelekwa kwa mtu yeyote ukazungumzwa ukaisha. Sasa ulipata mwili na mkia. Nilishuhudia jinsi jambo lilivyosogea: jioni lilikuwa "nyoka wa mawe", usiku likawa "nyoka wa kule kwa bibi", asubuhi likawa "nyoka wa bibi". Hakuna mtu aliyesimama akamshtaki mtu. Ni kiunganishi tu kilichobadilika.

Nchi hii imekwisha kupoteza wazee wengi, hasa wanawake, kwa maneno ya namna hii. Ndiyo sababu sitaji kijiji. Swila wa maji wa asubuhi alikuwa na uwezo wa kuua mtu mmoja, na hakutaka. Hili neno lilikuwa linatafuta wa kumbeba.

Liliishaje? Mambo mawili, na yote madogo. Bibi wa yule mtoto, mama wa baba yake, hakusubiri mjadala. Alimfunga mjukuu mgongoni akaenda zahanati, wakampima, ikaonekana malaria, akapewa dawa ya mseto. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, homa ya mtoto haihitaji nyoka. Wapo waliosema malaria nayo inaweza kutumwa, lakini walisema kwa sauti ya chini.

La pili ndilo lililoniridhisha. Mwenyekiti wa kitongoji aliziita familia zote mbili na akamuuliza kijana, mbele ya baba yake mdogo, kama nyoka aliyemshika wavuni ndiye aliyempiga kwenye mawe. Kijana alikaa kimya kirefu. Alikuwa ndiye mtu pekee aliyemwona kila mmoja kwa karibu. Angesema ndiye, neno lingekuwa limepata shahidi. Akasema: "Wa asubuhi alikuwa na pete. Huyu hakuwa nazo." Mwenyekiti akauliza urefu. Kijana akanyoosha mikono yote miwili, kisha akaonyesha kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko. Watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho ilikuwa vigumu kurudi kwenye uzito wa mwanzo. Mzee akaongeza kwamba mawe yale yana nyoka tangu yeye mdogo, kwa sababu wanawake wanaparulia samaki hapo, mabaki yanavuta vijisamaki, na vijisamaki vinamvuta nyoka. Maelezo hayo ni sahihi kabisa. Kwa nini hakuyasema jana yake jioni, sijui, na sikumbana.

Ugomvi wa maegesho ulizungumzwa palepale. Haukuisha vizuri, lakini uliitwa kwa jina lake.

Yaliyobaki ni ya kiutendaji. Kwenye kikao hichohicho mtu alimuuliza mwenyekiti: je, nyoka wa asubuhi angemuuma kijana, tungefanyaje? Mmoja akasema nyumbani kwake lipo jiwe jeusi. Jiwe hilo ni mfupa uliochomwa; hunata kwenye kidonda kwa kuwa lina vitundu, lakini halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Mwingine akasema angemfunga mpira wa baiskeli juu ya jeraha mpaka mguu uwe mweusi. Huo nao umewaponza watu, hasa walioumwa na kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama ya pale pale ilipofungiwa. Kuchanja kwa wembe, hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi wa hao ni watu wa vijijini waliochelewa njiani wakijaribu mambo kama haya.

Kwa aliyeumwa na swila wa maji, ingetakiwa alazwe chini, kiungo kisitikisike, asitembee, pete na saa zivuliwe, na kama anaanza kuzidiwa alazwe ubavu ili asipaliwe na mate. Kisha hospitali, haraka. Dawa za kuzuia sumu zilizopo Afrika zimetengenezwa kwa kulenga zaidi nyoka wa nchi kavu wanaouma watu wengi, kina kifutu na koboko, kwa hiyo tegemeo kubwa la mtu huyu lingekuwa mashine au mikono ya kumsaidia kupumua mpaka sumu imalizike nguvu. Kutoka mwalo ule boti ya abiria huondoka alfajiri tu. Baada ya hapo kuna injini za watu binafsi.

Hapo kikao kikapamba moto kuliko kilivyokuwa kwenye habari ya uchawi. Mwenye injini kubwa alisema boti yake iko tayari saa yoyote, lakini mafuta ni ya nani? Mara ya mwisho alimpeleka mjamzito Kibirizi usiku na ahadi ya kulipwa haijatimia hadi leo. Ikapendekezwa kila mtumbwi utoe kitu kidogo kila mwezi, dumu la mafuta liwekwe kwa mwenyekiti. Wenye mitumbwi midogo wakauliza kama watatoa sawa na wenye injini. Mzee wa wavu alisema yeye atatoa, ila akimaliza kulipia nyuzi. Kijana akasema nyuzi watalipia nusu kwa nusu. Dumu lilinunuliwa. Nilipopita tena mwaloni hapo lilikuwepo kwa mwenyekiti, likiwa na mafuta chini ya nusu, na orodha ya waliotoa ikiwa imebandikwa mlangoni pamoja na ya wasiotoa.